Mashavu ya Kijana

Kwa Waswahili, kumwambia mtu amenawiri ni kumpongeza. Kumwambia amekonda ni kumuuliza jambo bila kulitaja. Virusi vya ukimwi viliukuta mwiko huo ukiwa tayari umejengeka. Miaka ya 1980 Waganda waliuita ugonjwa wenyewe Slim, na tangu hapo wembamba ukawa ushahidi.

Johannesburg iliongeza ushahidi mwingine. Serikali ya Afrika Kusini ilipoanza kugawa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, stavudini ilikuwamo katika mseto wa kwanza wa watu wazima na watoto. Ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa maisha, hilo lisisahaulike. Lakini ilidhuru mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, na mafuta yaliyo chini ya ngozi yakayeyuka: mashavu yakabonyea, mishipa ikatokeza mikononi na miguuni, makalio yakapwaya. Kwa wengine mafuta yalirundikana tumboni au shingoni.

Mtu mzima aliweza kusingizia uzee. Kijana aliyezaliwa na virusi hakuwa na kisingizio hicho. Balehe ndiyo majira ambapo nyonga za msichana hujaa, naye, ambaye mara nyingi alikuwa amedumaa na kuchelewa kuvunja ungo, alinyang'anywa mafuta yaleyale ambayo wenzake darasani walikuwa wakiyapata. Katika kitengo cha Empilweni cha Hospitali ya Rahima Moosa, jina la Kizulu lenye neno uzima ndani yake, watoto wa namna hiyo walikuja kutibiwa. Dawa iliyowaweka hai ndiyo iliyoweza kutoboa siri yao.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe hatua kwa hatua. Kisha mizani ikaegemea upande wa pili. Jaribio la ADVANCE, lililofanyika Johannesburg kwa watu 1,053 wenye umri wa miaka 12 na zaidi, lilitoa matokeo mwaka 2019: katika wiki 48, waliotumia dolutegraviri pamoja na tenofoviri mpya waliongezeka kilo 6 hivi kwa wastani, wanawake wakiongoza, waliopewa mseto wa zamani wenye efavirenzi hawakufika kilo 2. Je, dawa mpya hunenepesha, au efavirenzi ndiyo iliyokuwa ikizuia unene? Waliorithi jeni za kuivunjavunja efavirenzi polepole, na Afrika ni wengi, waliongezeka uzito mdogo kuliko wenzao, jambo linaloipa nguvu hoja ya pili. Kwa msichana wa miaka 14 hesabu ni ngumu zaidi, maana hata asiye na virusi angeongezeka kilo kadhaa katika mwaka huohuo.