Paje: Makumbi ya Nazi na Motokaa ya Baba

Ukitoka Mjini Unguja kwenda Paje, safari yako ni kiasi cha kilomita 50 kuelekea kusini mashariki. Utapita Jozani, msitu ambao tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa. Dereva mwema hupunguza mwendo hapo, maana kima punju huvuka njia, na kima hao hawapatikani porini penginepo duniani ila Zanzibar. Ukisha kupita Kitogani utaona mawe ya matumbawe na vichaka, kisha minazi, na nyuma ya minazi bahari.

Maji yakipwa, bahari ya Paje hurudi mbali sana. Hapo utawaona wanawake wakienda kwenye mashamba ya mwani, kazi iliyoanza huku mwaka 1989. Wengine utawaona wakifukia makumbi ya nazi mchangani. Kazi hii ya makumbi ikumbuke, nitairudia.

Mimi na kaka yangu tulikwenda Paje kuitazama motokaa ya marehemu baba, Morris Minor. Gari za jina hilo zilitengenezwa Uingereza tangu 1948 hata 1971. Hii ya kwetu ilikaa miaka mitatu chini ya banda la makuti, karibu na pwani. Kaka alitaka tuiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi sikutaka. Tulikuwa tumeanza kusemezana kwa ukali.

Beringi ya pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Beringi mpya tulikuja nayo, pamoja na shafti yake. Tulimwaga maji, tukatoa rejeta, tukafungua boliti nne za feni, tukaitoa pampu nzima. Kikabaki kitovu, yaani kile kipande cha duara kinachobeba feni. Kitovu hiki hushindiliwa kwenye shafti kwa nguvu, wala hakina budi kutoka kizima, kwa kuwa hutumiwa tena. Lakini chetu hakikutikisika hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Pepo za kusi hutoka baharini na kuleta chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huharakisha kutu. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa kati ya kitovu na shafti, hubana kama kabari.

Kaka akashika nyundo. Akapiga mara mbili, na moyo wangu ukaruka. Kasha la pampu ni la madini ya kusubu, nayo hayapindi, hupasuka. Likipasuka, mabishano yetu yangekwisha hapo hapo: gari ingekuwa chuma chakavu kweli.

Kelele ya nyundo ilimleta mzee mmoja jirani, fundi wa mashine za boti.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mbona mwaipiga hivyo? Imewakosea nini?”

Akatuonyesha pwani kwa kidole. “Mnawaona wale wanaofukia makumbi? Ukiyapiga mabichi mchana kutwa, utachoka mkono tu. Kwanza maji, kisha miezi, ndipo gongo. Hapo usumba hutoka wenyewe, watu wakasokota kamba.”

Basi akachanganya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini, akayatia tone kwa tone pale shafti inapoingia kitovuni. Alirudia jioni, akarudia usiku. Asubuhi alikuja na bamba nene la chuma lenye matundu manne, sawasawa na yale ya boliti za feni, na katikati nati kubwa. Alilifunga bamba kwenye kitovu, akatia boliti ndefu katika ile nati, ncha yake ikasukuma shafti. Hivyo kitovu huvutwa kwa unyofu, bila kwenda upande.

Alikaza mpaka boliti ikakataa, akaacha. Akaimwagia kitovu maji yanayochemka, ili kitanuke kabla shafti haijapata moto. Hakutumia moto wa gesi. Alisema karibu na petroli moto ni hatari. Akakigonga kichwa cha boliti polepole, akakaza robo mzunguko, akangoja tena. Kaka alikuwa amekaa juu ya ndoo, kimya.

Karibu na adhuhuri tulisikia mlio mdogo, ta! Kitovu kikasogea upana wa ukucha. Baada ya hapo kilitoka chote, kizima. Tulisugua kutu kwa msasa, na siku ya pili yake tukaenda kukishindilia kwenye shafti mpya.

Wewe uliye na gari, baiskeli au cherehani karibu na bahari, ioshe kwa maji baridi, ikaushe, uipake mafuta kabla kutu haijaanza. Ikisha kuanza, usitangulize nyundo. Na ndugu walioshikana kwa maneno ya zamani ni vivyo hivyo: pigo moja la hasira huvunja kitu kisichopatikana tena, na neno la upole, likirudiwa na kungojewa, hupenya.

Tuliporudi Mjini, aliyeshika usukani ni kaka. Penye Jozani alipunguza mwendo, akasema, “Baba alikuwa akisimama hapa.” Habari ya chuma chakavu hakuitaja tena.