Wali na Nyama katika Sufuria Moja

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu kuna wakati mgumu kila siku ya kazi, nao ni magharibi. Baba amerudi kutoka ofisini, mama amerudi kutoka sokoni au shuleni anakofundisha, watoto wamekwisha kuoga na kuandika kazi zao, na jikoni hakuna kitu ila majivu ya asubuhi. Mahindi na maharagwe makavu, yasipochemshwa mapema, hutaka saa mbili au tatu motoni. Basi chakula huwa tayari saa tatu na nusu za usiku, na yule aliye mdogo kuliko wote amekwisha kusinzia kitini. Huamshwa, hula kidogo na usingizi ungali machoni, kisha hulala tena. Mtoto huyo hakunyimwa chakula, wala wazazi wake si maskini. Amekosa kula kwa sababu ya saa tu.

Haifai kuilaumu githeri kwa jambo hili. Ni chakula chema, na mwenye nafasi ya kuichemsha Jumapili hana shida Jumatatu. Lakini kwa siku zilizobaki yafaa watu wajue namna ya kupika wali na nyama katika sufuria moja, kwa moto mmoja, chakula kikawa mezani baada ya muda wa saa moja na nusu au pungufu.

Zamani wali ulikuwa chakula cha Krismasi na arusi, na wako wazee ambao hata leo huona ni israfu kuupika Jumanne. Hata hivyo mchele uko karibu. Uwanda wa Mwea, ambao siku hizi umo katika Kaunti ya Kirinyaga, ulikuwa zamani sehemu ya wilaya ya Embu. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kazi ya kuchimba mifereji ilianzishwa huko, na wengi waliochimba walikuwa watu waliowekwa kizuizini. Maji ya mito ya Nyamindi na Thiba yakaongozwa mashambani, na mwaka 2022 likafunguliwa Bwawa la Thiba ili yasipungue wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya hutoka katika mashamba hayo. Kwa hiyo mtu wa Embu anunuaye pishori hali chakula cha kigeni. Anakula jasho la jirani zake, na pengine la babu yake mwenyewe.

Namna ya kupika imetoka pwani, ambako pilau ni chakula cha heshima tangu kale. Lakini apikaye Meru kama apikavyo mtu wa Mombasa huona nyama imekaa ngumu, akadhani amedanganywa na mchinjaji. Sababu nyingine iko katika nchi yenyewe. Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru zaidi ya mita 1,500. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Meru huchemka kwa nyuzi zipatazo 95. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yakisha kuchemka hayazidi kuwa moto. Hupunguka tu, na kuni zikaisha bure. Dawa ni kukata nyama vipande vidogo, kama ncha ya kidole gumba, na kufunika sufuria vizuri. Mwenye sufuria ya kukaza mfuniko, izuiayo mvuke, atamaliza mapema zaidi.

Kwa watu watano, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe na vikombe viwili vya mchele vyatosha. Kwanza mchele huchaguliwa mawe, huoshwa, na kulowekwa wakati nyama ikiwa motoni. Vitunguu viwili hukaangwa katika mafuta kidogo mpaka viwe rangi ya kahawia, kwani rangi ya pilau hutoka hapo. Hufuata kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyama, ambayo hugeuzwa mpaka maji yake yakauke. Hapo hutiwa bizari nyembamba, mdalasini, karafuu chache na iliki, na baada yake nyanya mbili. Maji ya moto vikombe vitano hutiwa, sufuria hufunikwa, na nyama huachwa ichemke polepole muda wa dakika 40 au zaidi, mpaka iwe laini.

Sasa ndipo wengi hukosea. Mchele usitiwe kabla nyama haijalainika, maana wali ukiisha kuiva nyama haiwezi kungojewa tena. Mchuzi upimwe: kikombe kimoja cha mchele hutaka vikombe viwili vya mchuzi, na mchele uliolowekwa hupunguziwa kama robo kikombe. Ukipungua huongezwa maji ya moto. Karoti na minji zaweza kuingia wakati huo huo, pamoja na chumvi. Mchuzi ukikaribia kukauka, moto hupunguzwa, sufuria hufunikwa barabara, na hakuna ruhusa ya kukoroga. Baada ya dakika 15 chakula ni tayari. Kachumbari haihitaji moto.

Yafaa pia kuangalia mchele unaonunuliwa. Wako wafanyabiashara wachanganyao pishori na mchele wa bei ndogo kutoka nje, kisha huuza wote kwa jina la Mwea. Hasara si ya fedha peke yake. Mchele wa namna mbili hauivi pamoja. Punje hizi zimekuwa uji na hizi zingali na kiini kigumu. Afadhali kununua kidogo kwanza, kuunusa, na kuupika, kabla ya kubeba gunia.

Mwenye kuogopa gharama ya kuni au gesi aweza kutumia kikapu kilichotandikwa nguo nzito au blanketi. Wali ukianza kukauka, sufuria huondolewa motoni na kufungwa ndani yake, ukaiva kwa joto lake wenyewe. Kinachobaki baada ya kula kisiachwe jikoni usiku kucha, kwa kuwa wali uliopoa polepole huweza kuumiza tumbo. Kiwekwe mahali pa baridi upesi, na kesho kipashwe mpaka kiwe moto kabisa. Na asiye na mahali pa baridi apike kiasi cha kuisha.

Limebaki jambo moja, nalo si la viungo. Iko nyumba moja upande wa Runyenjes ambamo mke ni mwalimu na mume ni karani, nao hufika nyumbani saa moja. Zamani mume alikaa na gazeti hali mke anahangaika peke yake. Siku hizi yeye hukata nyama na vitunguu, na mtoto mkubwa huchagua mchele. Majirani walicheka kwa muda, wakasema bwana ametawaliwa. Yeye hakujibizana nao. Katika nyumba ile watoto hula saa mbili na nusu, wote wakiwa macho, na baba husikia habari za shule kutoka vinywani mwao wenyewe. Mume aonaye haya kushika kisu cha jikoni na ajiulize ni mara ngapi wiki hii mwanawe mdogo amelala kabla ya kula.