Bakshishi ya Asiyekunywa



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Bwana Mtume (s.a.w.), leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidharau kwa udogo wake, nalo ni ile shilingi mia tano au elfu moja aiachayo mtu mezani baada ya kula. Twaiita bakshishi. Neno hili asili yake ni Uajemi, na maana yake ni kupa. Basi tazama, tangu jina lake halina maana ya deni wala ya kodi. Ni kutoa, na wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sisi watu wa pwani jambo hili halitusumbui sana tukiwa kwetu. Mgahawa wetu ni wa chai, mkate wa kumimina, wali na mchuzi wa samaki, na wanaokula humo wote hali zao ni moja. Lakini mtu akisafiri kwenda bara atakuta mambo mengine. Nimepata kwenda Bariadi mara kadhaa kuwazuru vijana niliowasomesha, ambao leo wana maduka yao huko. Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na watu wake ni wakarimu mno. Ukipita utaitwa kwa salamu ya "Mwadila", na ukikaribishwa nyumbani utaletewa maziwa ya mgando, ugali na matobolwa ya viazi, wala hutaulizwa kabila wala dini.

Mji huo umekua. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika hapo kwenye viwanja vya Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, wakaja wageni wa kila namna. Tena kila mwaka ununuzi wa pamba ukianza, kuanzia mwezi wa Mei, fedha huingia mifukoni, na nyumba za kulia chakula hujaa. Nyingi katika hizo zina jiko na baa katika ua mmoja. Hapo ndipo mas'ala yetu yalipo.

Katika safari moja tuliingia nyumba kama hiyo, mimi na wenzangu watatu, kwa kuwa ilikuwa usiku na mamantilie wote wamekwisha kufunga. Tukachagua meza ya pembeni, mbali na chupa. Tukaagiza ugali, sato wa kukaanga na chai. Meza ya jirani walikaa watu wa bia, nao walikuja nyuma yetu. Wao wakahudumiwa mara tatu, sisi hata maji ya kunawa hatujaletewa. Mwenzangu mmoja akapandwa na hasira, akataka tuondoke. Nikamzuia, nikamwita yule binti mhudumu.

Akaja akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekukosea nini?"

Akainamisha kichwa, kisha akasema kweli, na kweli yake naipenda hata leo: "Hamjanikosea, mzee. Ila wale huniachia chenji. Ninyi wa kofia mnakula, mnasema ahsante, mnahesabu mpaka mia ya mwisho."

Wenzangu walinyamaza. Mimi nikamwambia, "Umesema, nasi tumesikia. Tuletee maji, tukimaliza tutaonana." Akatuletea, na tulipokwisha kula tukaonana naye kwa wema, akacheka. Lakini maneno yake yanafaa yafike katika kila nyumba ya Kiislamu, kwani yamebeba mambo mawili: dhulma aliyotufanyia sisi, na sifa mbaya tuliyojitafutia wenyewe.

Tuanze na hiyo dhulma. Mteja ni mteja. Aliyetangulia ahudumiwe kwanza, awe amekuja kwa chupa kumi au kwa kikombe kimoja cha chai. Kumpima mtu kwa ukubwa wa hesabu yake ni kupunja mizani, na Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameteremsha sura nzima, Suratul-Mutaffifin, kuwaonya wapunjao. Mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuwafundisha wahudumu wake jambo hili.

Sasa tujitazame sisi. Wako wanaosema, "Bakshishi ni mambo ya walevi, pombe ndiyo inayowafungua mikono." Maneno haya hayasimami. Hebu tuhesabu kazi. Mnywaji huletewa chupa, ikafunguliwa, basi. Mla ugali huletewa birika na beseni anawe kabla ya kula. Huletewa chakula, kisha chumvi, kisha pilipili, kisha mchuzi wa kuongeza. Na akimaliza birika hurudi tena anawe. Sahani za samaki ni za kuondoshwa na meza ni ya kufutwa miiba. Nani aliyemchosha zaidi yule binti?

Nchi nyingine wamezoea kutoa kwa fungu la mia. Marekani mtu hutazamiwa kuacha kumi na tano mpaka ishirini katika kila mia ya hesabu yake, kwa kuwa sheria yao kuu inamruhusu tajiri kumlipa mhudumu wa namna hiyo dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha wote. Japani, kwa upande wa pili, si desturi kutoa kabisa. Kipimo cha Marekani kina kasoro kwa mtu kama sisi. Tuseme meza ya bia imefika shilingi 60,000 na meza ya samaki na chai 14,000. Kwa kumi katika mia, ile itatoa 6,000 na hii 1,400, na pengine jasho la hii ndilo kubwa. Kwa hiyo mimi nasema asiyekunywa asijipime kwa hesabu ya karatasi. Ajipime kwa taabu aliyompa mwenziwe na kwa uwezo aliopewa na Mola wake.

Na uwezo wa mhudumu ni mdogo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa kuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Kimepandishwa baadaye, lakini bei za sokoni nazo hazikulala.

Watu huniuliza maswali matatu.

La kwanza: je, bakshishi si rushwa? Tunajua habari ya yule mkusanya zaka aliyerudi na zawadi, Bwana Mtume (s.a.w.) akauliza kama angezipata lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Lakini yule alishika amana ya umma. Mhudumu unampa baada ya kazi, hadharani, na tajiri wake anajua, wala humnyang'anyi mtu haki yake. Ukimpa kabla ili akupitishe mbele ya waliokutangulia, hapo umekaribia rushwa. Basi toa mwisho.

La pili: je, nikimpa anayebeba pombe, simsaidii katika haramu? Ulevi umelaaniwa, na mwenye kuubeba ameonywa pamoja na mnywaji. Hilo halina mjadala. Tena tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Kwa hiyo tafuta kwanza nyumba isiyouza, na ukikosa, kaa mbali. Ila unachomlipa binti ni maji na chakula alichokuletea wewe. Hujamlipa kwa chupa ya jirani.

La tatu: je, nimpe asiyekuwa Muislamu? Mpe. Bwana Mtume ametufundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, umkalishe naye ale, au walau umpe tonge moja au mbili, kwa kuwa ndiye aliyevumilia moto wake. Tena fikiri: huko ambako sisi ni wachache, wewe humuuliza mhudumu nani kachinja, na sufuria hii imepikiwa nini. Akienda jikoni akarudi akakwambia, "Mzee, nyama hii usile, chukua samaki," amejipunguzia biashara ili akulindie dini yako. Huyo akikosa shukurani yako, nani ataipata? Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Nawaonya pia wenye migahawa, na khasa wetu wa pwani. Bakshishi ni hiba kwa mhudumu, si nyongeza ya faida yenu, wala si sababu ya kupunguza ujira mliopatana naye. Siku hizi wateja wengi hulipa kwa simu, na fedha yote huingia kwenye namba ya tajiri. Chenji iliyokuwa ikibaki mezani imetoweka. Basi ewe mlaji, weka noti ndogo mfukoni umpe mkononi.

Ndugu zangu, yule binti wa Bariadi hajasoma vitabu vyetu. Anatujua kwa kofia zetu na kwa mikono yetu. Mwenye kidogo atoe kidogo, na asiye nacho atoe neno jema na uso mkunjufu, kwani hiyo nayo ni sadaka. Lakini mwenye nacho asijifiche nyuma ya ucha Mungu wake, akaufanya kuwa kisingizio cha ubahili.

Wabillahi tawfiq.