Uliipima Ukiwa Umebonyeza Maiki?

Kibondo, Jumanne jioni

Mpwa wangu mpendwa,

  Magoti ya mama yako yamepungua kuuma, maharage yameingia ndani kabla mvua haijayaharibu, na bibi yako bado anauliza kila siku kama unakula. Hayo yatosha.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno niliyoyasikia Jumamosi. Nilikuwa stendi napokea mzigo, na dereva mmoja wa lori, asiyenijua, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za fundi kijana wa Kasulu. Alisema bosi wao amefungiwa redio koli ofisini na kwenye malori manne, ili madereva wanaoingia pori la upande wa Moyowosi kufuata asali wapatikane mahali simu zisiposhika. Redio ya ofisini inasikia vizuri, lakini haisikiki. Fundi akapima wati, akakuta nusu ya zinazotakiwa, akasema amplifaya imekufa. Ikanunuliwa nyingine. Nayo ikaishia pale pale. Sasa fundi anataka ya tatu. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikutaja jina, na jina la babu yako likafuata nyuma.

Kuna jambo la pili alilolisema, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alisema ile amplifaya ya kwanza, iliyokufa, uliichukua kama chuma chakavu, na sasa inafanya kazi kwenye lori la mtu wa Makere. Sitaki kuamini, mpwa wangu. Lakini kama ilikufa, ilifufukaje Makere?

Nilikupigia Jumapili, tukaanza kubishana, ukakata simu. Barua haikatwi, ndiyo maana naandika.

Nina swali moja tu, na kila nitakachosema humu kitarudi hapo. Voltiji ya amplifaya uliipima ukiwa umebonyeza maiki? Sikuulizi kama uliipima. Najua uliipima, na najua ulikuta volti 12 na ushee ukaridhika. Betri ikiwa imepumzika hata ile mbovu huonyesha volti 12. Nakuuliza kama uliipima wakati mzigo uko mgongoni, mwenzako amebonyeza maiki na amplifaya inakula ampea 20.

Ngoja nikueleze kwa nini nakung'ang'ania hivi. Sijawahi kukusimulia, hata mama yako hajui yote.

Mwaka 1997 nilikuwa fundi wa redio wa shirika moja lililohudumia wakimbizi hapa Kibondo. Warundi walikuwa wameingia kwa wingi tangu Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na kambi zilikuwa zimejaa watu. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Kila kitu, gari la maji, dawa, mgonjwa, kilipita kwenye redio. Chumba chetu kilikuwa na meza moja, betri mbili chini ya meza, chaja iliyotegemea jenereta, na amplifaya ya wati 100 niliyokuwa naifuta vumbi kila asubuhi kama sahani ya mgeni.

Nguvu ikaanza kupungua. Mita ya wati ikatoka 100 ikaja 80, kisha 60. Nikiwa kijana kama wewe, mwenye cheti na mdomo, nikamwambia bosi transista zimechoka. Zikaagizwa Dar es Salaam, zikachukua wiki tatu. Nikazibadilisha. Mita ikasoma 60 ile ile. Badala ya kujiuliza, nikachukua bisibisi ndogo nikaongeza nguvu inayoingia kutoka kwenye redio, ili nilazimishe kinachotoka kipande. Kikapanda kidogo, sauti ikawa mbaya kama ya mtu anayeongea ndani ya debe, na usiku wa pili transista mpya zikaungua. Tukabaki na redio peke yake bila amplifaya.

Usiku huo huo mkunga aliita kutoka kambini. Tulimsikia wazi kabisa. Mama alikuwa amekwama kujifungua, na mkunga alitaka kujua kama gari linakuja au wamtoe kwa machela. Nilimjibu kuwa gari limeshaondoka, wasubiri. Hakunisikia. Akauliza tena, nikajibu tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Mwisho akasema, nadhani hampo, tunamtoa. Wakambeba kwa machela kupitia njia ya mkato, gari likapita barabara kubwa, likafika kambini likamkosa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyenilaumu. Wakasema ni vyombo. Mimi nilijua.

Siku chache baadaye akaja mzee mmoja kutoka Kigoma kumtembelea binti yake. Alikuwa fundi wa mitambo wa Posta na Simu tangu enzi za Jumuiya, akastaafu shirika lilipogawanywa mwaka 1994. Bosi akamwomba atazame. Tulikuwa tumeshaletewa amplifaya ya kuazima, na nayo, sikiliza vizuri, nayo ilikuwa inatoa 60. Mzee hakuigusa. Hakuomba bisibisi. Aliomba mita ya volti na kigoda, akaketi chini ya meza karibu na betri. Akaweka ncha moja ya mita juu ya nguzo yenyewe ya betri, ile risasi ya katikati, na ncha ya pili juu ya kibanio cha waya kilichoikaba nguzo hiyo. Vitu viwili vinavyogusana, mpwa wangu, hata kidole hakipiti katikati. Ukiviangalia utasema ni kitu kimoja. Akaniambia, bonyeza.

Nikabonyeza maiki. Mita ikasoma volti 1.9.

Akaniambia shika kibanio. Kilikuwa cha moto. Akasema, volti mbili mara ampea ishirini ni wati arobaini, hizo ndizo zinakuchoma kidole badala ya kwenda kwa watu. Tukafungua. Ndani kulikuwa na unga mweupe na kutu ya kijani, kazi ya asidi ya miezi mingi. Maji ya moto, msasa, makali ya kisu mpaka risasi ikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi. Mita ya wati ikarudi 100. Kazi nzima haikuchukua hata nusu saa, na haikugharimu hata shilingi.

Betri ilikuwa inatoa kama volti 11.8 chini ya mzigo, lakini amplifaya ilipokea 9.9. Na nguvu haipungui sawasawa na volti, hupungua kwa mraba wake au hata zaidi. Volti zikipungua sehemu moja ya tano, zaidi ya theluthi ya wati imekwenda. Kwa hiyo hata ungefunga amplifaya mpya kumi, zote zingekupa nusu ile ile kama kosa liko kwenye waya. Mbili zikisoma sawa, fundi anaacha kuzishuku na kuanza kufuata njia ya umeme. Wewe ulikuwa na mbili, zote zimesoma nusu. Jibu lilikuwa mezani kwako.

Sikulaumu peke yako. Baba yako, Mungu amrehemu, alikataa usije kwangu ulipomaliza kidato cha nne. Alisema, mbele ya wageni, kwamba redio ni kazi ya wazee na dunia ni ya simu, akakupeleka Mwanza. Nilinyamaza kwa kuwa ni shemeji yangu. Huko ulijifunza vizuri kazi ya simu: kioo kimevunjika, toa, weka kingine, betri imevimba, toa, weka nyingine. Redio haina tabia hiyo. Redio ni mnyororo kuanzia betri mpaka ncha ya antena, na kasha lililo katikati ndilo hushukiwa kwanza kwa sababu ndilo la bei kubwa. Nakumbuka kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena Oktoba 2015 na redio zikahitajika upya, waliniita mimi, mzee wa redio, na sikuuza amplifaya hata moja kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa fyuzi.

Rudi Kasulu mjini kwa mteja wako. Pima kama mzee alivyopima, huku mtu amebonyeza maiki: nguzo kwa kibanio, upande wa chanya na upande wa hasi pia, maana hasi husahaulika. Halafu kishikio cha fyuzi. Halafu waya wenyewe. Kama umevuta waya mwembamba wa taa mita sita kutoka kwenye betri, hapo ndipo volti zako zilipolala. Kwenye malori usiamini tu kwamba bodi ni njia nzuri ya hasi. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane.

Umeme ukiwa mzima, nenda kwenye antena. Mvua za huku unazijua. Maji yakiingia kwenye kiungio cha juu hushuka ndani ya waya wa antena kama kwenye utambi, na shaba ya ndani huwa nyeusi. Ikate sentimita chache utazame. Nguvu inayorudi nayo uipime: mita ikisoma tatu kwa moja, robo ya nguvu yako inarudi nyumbani. Amplifaya zilizotengenezwa vizuri zikiona hivyo hujipunguza zenyewe, nawe utasema zimekufa. Zile za bei rahisi hazijipunguzi, huungua. Ukitaka kujua kosa liko upande gani, toa antena, weka ule mzigo wa majaribio wa omu 50. Wati zikirudi hapo, amplifaya haina dhambi.

Jambo jingine ambalo limewaumbua wengi: mita za kawaida hazikimbii na maneno. Mtu akizungumza kwenye redio ya SSB, mshale unacheza kwenye 30 wakati vilele vinafika 100. Piga mbinja ndefu kwenye maiki kisha usome. Isije ikawa hata nusu yenyewe haikuwa nusu.

Usiongeze nguvu kwa bisibisi. Chomoa antena mawingu yakijikusanya, radi za Buha hazina urafiki. Uliza kibali cha TCRA kabla ya kufunga chochote kinachorusha mawimbi. Kazi isiyo na kibali usiiguse hata ukiwa na njaa. Mteja akitaka nguvu mara nne, mwambie ukweli kwamba kule mbali ataongeza alama moja tu kwenye mita ya kusikia, na kuinua antena juu ya mlingoti huenda kukamsaidia zaidi kwa fedha kidogo. 

Sasa habari ya Makere. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi wa kwako tumeanza kuonja. Kama ulidhani kweli imekufa, basi ulikosea kama nilivyokosea mimi, na kosa la namna hiyo lina dawa: unamwambia mwenye mali. Kama uliigundua kuwa nzima ukiwa umeshaichukua, ukaiuza ukanyamaza, basi hilo si la ufundi tena. Mimi transista zangu ziliungua na mtoto wa watu akafa, lakini sikumficha bosi kwamba bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Ndilo pekee ninaloweza kulisema juu yangu mwenyewe kuhusu mwaka ule bila kuinamisha kichwa. Nisingependa wewe ukose hata hilo.

Dereva wa basi la kesho asubuhi atakupa kifurushi. Ndani kuna mita ya volti, ile ya manjano uliyokuwa ukiichezea ukiwa mdogo, waya zake nimebadilisha. Kuna msasa na kopo dogo la grisi. Kuna pia bahasha yenye fedha. Si zawadi. Ni ya kujazia kama bei uliyoiuzia Makere umeshaila, ili umrudishie mteja fedha ya amplifaya ya kwanza yote kwa mkupuo mmoja, mkononi mwake, mbele ya yule dereva wa lori.

Nenda Jumamosi hii. Pima kwanza, kisha mlipe. Jumapili baada ya misa nitakupigia, na safari hii usikate.

Mjomba wako