Kisu cha Mvulana



Wazee wetu walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Wewe na mimi tunajua maana yake. Hapewi ili anyoe. Anapewa ili umkate, alie, asiuombe tena. Leo napenda kukuletea habari za watu waliompa mtoto wembe kwa nia nyingine: walimpa kwa kumwamini. Habari hizo nimezijua kwa kukusanya vitu vidogo ambavyo jirani zangu huvicheka, yaani visu vya zamani vya kukunja vilivyotengenezwa kwa ajili ya wavulana.

Usidhani kwamba mimi ni tajiri wa kununua vitu vya anasa. Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, na sasa kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kutoa risiti na kujibu barua. Visu vyangu vilikuwa tisa tu, navyo vililala katika kopo la biskuti juu ya kabati. Vinane nilivipata katika soko la mitumba la Memorial, hapa Moshi. Hukaa chini kabisa ya rundo, pamoja na funguo zisizo na kufuli na vifungo vya makoti, na muuzaji hufurahi kuviondoa kwa bei ya soda.

Labda utaniuliza, kisu cha mvulana kina tofauti gani na kisu kingine? Kwanza ni kidogo, chaenea katika kiganja cha mtoto wa miaka kumi. Pili hukunjwa, bapa likaingia ndani ya mpini, ili kisimchome mfukoni anaporuka mtaro. Mgongoni mwa mpini mna springi ya chuma inayolishika bapa, likiwa wazi au limefungwa; na kwenye bapa pana mfuo mdogo wa kuingiza ukucha ili ulifungue. Tatu, kilikuwa rahisi. Fundi alijua kwamba mnunuzi wake ana senti chache, na kwamba huenda akakipoteza kabla ya Jumapili.

Mashuhuri kati ya visu hivyo ni kile kiitwacho Barlow. Asili yake ni Sheffield, mji wa mafundi wa visu huko Uingereza, kisha kikavuka bahari kwenda Marekani. Utakitambua kwa kichwa chake kirefu cha chuma, pale bapa linapoungana na mpini, kinachokipa nguvu mahali ambapo visu vya bei ndogo huvunjika upesi. Katika miaka ya 1870 kampuni ya John Russell, katika jimbo la Massachusetts, ilianza kukitengeneza. Chenye bapa moja kiliuzwa senti 15, chenye mabapa mawili senti 25. Mwandishi Mark Twain alikitia katika kitabu chake cha Tom Sawyer, kilichotoka mwaka 1876. Humo mvulana Tom anapewa Barlow mpya na binamu yake Mary, baada ya kuhangaika sana kukariri aya za Biblia. Kisu chenyewe hakikati kitu, lakini Tom anafurahi hadi mwili unamtetemeka, na mara anaanza kulikwaruza kabati la nyumbani. Mwalimu yeyote wa katekisimu atamtambua mtoto huyo.

Baadaye wakaja maskauti. Baden-Powell alitoa kitabu chake cha wavulana mwaka 1908 huko Uingereza. Ndiye yule yule aliyefariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Chama cha skauti cha Marekani kilianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata kampuni ya New York Knife ikatengeneza kisu rasmi cha kwanza cha chama hicho. Kisha Remington, kampuni ya bunduki, ikaingia nayo katika kazi ya visu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikatoa kisu cha skauti chenye namba RS3333, ambacho wakusanyaji wa leo hukitafuta kwa bidii. Kisu cha skauti cha namna hiyo kina vyuma vinne: bapa la kukatia, kifungua kopo, kifungua chupa ambacho ncha yake ni bisibisi, na chuma cha kutobolea ngozi. Angalia, msomaji: bapa la kukatia ni moja, na vyuma vitatu ni vya kutengeneza na kusaidia. Aliyekipanga hivyo alikuwa akimfundisha mtoto bila kusema neno.

Katika miaka ya 1950 vilienea pia visu vya bei ndogo kabisa. Kampuni ya Imperial, katika mji wa Providence, ilivitengeneza kwa mipini ya bati iliyokunjwa juu ya kiunzi. Vingine vilipambwa kwa picha za mashujaa wa sinema waliopanda farasi, kama Roy Rogers na Hopalong Cassidy. Wakusanyaji wakubwa huvidharau. Mimi ninavyo viwili, na ninavipenda, kwa sababu hata mtoto wa maskini aliweza kuwa na chake.

Kisu cha namna hii husomeka kama barua. Ncha ikiwa imevunjika, mwenyewe alizoea kukirusha kichome ardhini, mchezo ambao wavulana wa Marekani waliupenda sana. Bapa likiwa limeliwa na kinoo mpaka likawa jembamba, alikaa nacho miaka mingi. Kimoja changu kina herufi mbili zilizochorwa kwa msumari kwenye mpini, herufi ya pili imepinda vibaya. Sitajua kamwe jina la aliyezichora. Najua tu kwamba aliogopa kukipoteza.

Basi hapa ndipo penye neno langu. Katika biashara ya wakusanyaji, kisu chenye alama hizo hushuka bei. Kinachopanda bei ni kile ambacho hakijanolewa hata mara moja, chenye boksi lake na karatasi yake. Yaani kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya mvulana huthaminiwa zaidi ikiwa hakikupata mvulana.

Nami kisu changu cha tisa kilikuwa cha aina hiyo. Ni kisu cha skauti kilichotengenezwa na kampuni ya Ulster, ya jimbo la New York. Nilipewa mwaka 2012 na mzee mmoja Mmarekani, mwalimu, aliyekuwa akirudi kwao. Alikipata kama zawadi akiwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia kwamba alikiona kizuri mno, akakirudisha ndani ya boksi, akawa anaazima cha kaka yake kila alipotaka kuchonga kitu. Alicheka aliposema hivyo, lakini hakucheka sana.

Mwaka jana mkusanyaji mmoja wa ng'ambo, ambaye huandikiana nami, aliniahidi kwa kisu hicho fedha za kutosha magunia mawili ya mahindi. Katika nyumba yetu hilo si jambo dogo. Juma lile lile mwanangu wa kwanza, aliyetimiza miaka kumi na mmoja, alishusha kopo la biskuti, akavipanga visu vyote mezani, akaniuliza, "Baba, hiki kipya ni cha nani?"

Nilimjibu kwamba ni changu. Akasema, "Mbona basi hukitumii?"

Usiku tulizungumza, mama watoto na mimi. Yeye aliyataka mahindi, na alikuwa na haki. Tena aliogopa vidole vya mtoto. Tulishindana kwa upole siku tatu, mwishoni akasema, "Mpe, lakini umfundishe wewe, na akijikata umfunge kidonda wewe." Mkusanyaji nikamwandikia kwamba kisu hakiuzwi.

Nilimpa mtoto kwa masharti manne. Akate kuelekea mbali na mwili wake. Asitembee nacho kikiwa wazi. Akimpa mtu, akifunge kwanza. Na asikipeleke shuleni hata siku moja, maana shuleni kisu huleta hofu, na hofu hiyo ina sababu zake. Siku ya pili alijikata kidole cha shahada. Nilimfunga kidonda mimi, kama tulivyokubaliana. Hakukirudisha kisu, wala mimi sikumwomba. Tangu hapo amechonga pia mbili, manati moja, na mwiko ambao mama yake anautumia kusongea ugali ingawa umepinda. Bapa limekwisha kupata doa la kijivu kutokana na maembe, na ubavuni mwa mpini pana mkwaruzo. Bei yake imekwisha anguka. Visu vinane vilivyobaki bado ninavitunza, na bado napita Memorial siku za Jumamosi.

Kama nawe una kisu cha namna hii sandukuni, pengine cha babu yako au cha mtu aliyefanya kazi na wageni, nakushauri mambo machache. Usikisugue kwa mchanga wala msasa. Doa la kijivu hulisaidia bapa lisipate kutu nyekundu, na ukisugua sana utalifuta jina la kiwanda lililopigwa chini ya bapa. Mafuta kidogo ya cherehani yatatosha. Usikihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa dawa za kulainisha ngozi hula chuma. Mpini ukiwa wa seluloidi, ukitenge na vingine, maana seluloidi ikizeeka hutoa hewa inayoozesha chuma cha jirani. Na kabla ya kufanya lolote, waulize wazee wa nyumbani ni nani aliyempa mwenyewe kisu hicho, na kwa sababu gani. Andika jibu kwenye karatasi, uiweke pamoja nacho.