Maudhi Yasiyo Madogo

Wewe unayejifunza Kiswahili, ukifika katika kituo cha afya nchini Tanzania, hasa penye huduma za uzazi wa mpango, huenda ukasikia usemi "maudhi madogo madogo". Wahudumu huutumia kutaja kero zinazoambatana na dawa njema: kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa. Ni usemi wa adabu, nami huufundisha darasani hapa Uganda. Hata hivyo, kila ninapouandika ubaoni humkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alipatwa na saratani ya titi. Alipangiwa mizunguko sita ya tiba ya kemikali, akapata mitatu. Kila alipotoka hospitalini alitapika siku tatu mfululizo, hata maji hayakutulia tumboni. Pale alipotibiwa hakuna aliyemuuliza habari za usiku wake. Walimuuliza habari za uvimbe tu. Baada ya mzunguko wa tatu aliniambia, "Mwanangu, ugonjwa sijauona ukiniua, dawa ndiyo ninayoiona." Hakurudi tena. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Tangu hapo nimejiuliza: nani hulipwa ili atafute namna ya kumtuliza mgonjwa, si kuua saratani pekee?

Iko dawa iitwayo olanzapini, iliyobuniwa kwa ajili ya maradhi ya akili. Nchini Marekani, haki ya pekee ya kampuni iliyoivumbua ilikwisha mwaka 2011, na leo viwanda vingi huitengeneza kwa bei nafuu. Madaktari walianza kuona kwamba hupunguza kichefuchefu cha tiba ya kemikali. Lakini kuona si kuthibitisha, na kuthibitisha kwahitaji fedha. Kampuni gani itagharamia utafiti wa kidonge ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza? Faida yake ni ya wagonjwa, si ya mwenye duka.

Hapo ndipo fedha za umma zilipoingia. Kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 380, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Miongoni mwa waliopewa olanzapini juu ya dawa za kawaida, asilimia 74 hawakuhisi kichefuchefu siku ya kwanza. Miongoni mwa wasioipata, asilimia 45. Ikabaki kero moja: kipimo cha miligramu 10 kiliwalaza watu usingizi mzito. Mwaka 2024 watafiti wa Tata Memorial nchini India wakaonyesha kuwa miligramu 2.5, yaani robo tu, hufanya kazi ileile na usingizi ukapungua. Tazama: swali la mgonjwa anayesinzia nalo lilistahili utafiti.

Fedha za namna hii Kiswahili huziita ruzuku. Ruzuku na riziki ni ndugu. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kumpa mtu cha kumwezesha kuishi. Basi ruzuku ya utafiti si zawadi wanayopeana wasomi. Ni riziki ya mgonjwa iliyopitia mkononi mwa mtafiti.

Kwetu Uganda, sheria ya mwaka 2016 iliipa Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, jukumu la utafiti pamoja na tiba. Sheria, hata hivyo, ni sufuria; chakula hutiwa na bajeti. Kila Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti ya nchi, na wengi wetu husikiliza bei ya mafuta na sukari, kisha tukazima redio. Usizime. Muulize mbunge wako: katika fedha za saratani, ni kiasi gani kimetengwa kwa utafiti, na katika utafiti huo, nani amekumbuka kutapika, vidonda vya mdomoni na ganzi ya vidole?

Sidai kwamba kidonge kimoja kingemponya shangazi. Nasema tu kwamba alistahili kuulizwa alivyolala, na mtu fulani alistahili kulipwa ili atafute jibu. Nawe, siku utakapoutamka usemi ule wa adabu, kwanza muulize anayeudhika kama kweli ni madogo.