Miaka 33, na Kadi ya Vijana Mkononi

Wenzangu mlio kwenye mapenzi ya mbali mtanielewa haraka. Watu wengi hudhani ndoa za masafa zinavunjwa na nyumba ndogo. Nyingine, jamani, zinavunjwa na nauli.

Mwaka 2022 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nilikuwa na miaka 33. Mume wangu alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Yeye ni muuguzi, na kazi yake ilikuwa London. Huku Dar ndugu walishangilia: afadhali sasa mtakuwa pamoja! Kwa mtu aliyekaa sebuleni Kinondoni, Uingereza yote ni mtaa mmoja. Ukweli ni kwamba kutoka Leeds mpaka stesheni ya King's Cross ni zaidi ya saa mbili kwa treni, na tiketi za treni kule zina tabia ya tiketi za ndege. Ukikata wiki kadhaa kabla, unapona. Ukikata siku ya safari, unaweza kukaa chini palepale stesheni ukalia. Sasa mwambie muuguzi apange wiki kadhaa kabla, wakati zamu zenyewe zinabadilishwa kila kukicha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, kabla hata sijajua maktaba iko wapi, nilikwenda dirishani kuuliza habari za punguzo. Nilitaka kujua kama kadi ya vijana inaweza kunihusu mimi mtu mzima. Jibu likawa ndiyo.

Kadi yenyewe inaitwa 16-25 Railcard. Jina tu linakufukuza, si ndiyo? Ukiwa nayo unapunguziwa theluthi moja ya nauli kwenye treni karibu zote za Uingereza. Wakati ule iliuzwa pauni 30 kwa mwaka. Tangu Machi 2025 ni pauni 35. Kwa aliye kati ya miaka 16 na 25 hakuna maswali, awe anasoma, anafanya kazi au amelala kwao. Lakini kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawauoni: ukiwa na miaka 26 au zaidi, na unasoma kwa muda wote katika chuo kinachotambulika, kadi hiyohiyo ni haki yako. Uwe na 30, uwe na 58. Hawakuangalii mvi, wanaangalia kama unasoma.

Ukirudi nyuma kidogo utaona kwamba wala si hisani. Kadi hii ilianza mwaka 1974, enzi za shirika la reli la serikali, ikiwa ni kadi ya wanafunzi. Vijana wasiosoma waliingizwa baadaye. Yaani sisi wanafunzi wazee ndio wenye nyumba, na hao watoto wa miaka 19 wenye visikio vyao masikioni ndio wapangaji!

Utaratibu wake ni rahisi. Unajaza fomu, unaipeleka chuoni, ofisa anathibitisha kwamba unasoma muda wote, anaweka sahihi na muhuri. Mtu aliyezoea mihuri ya ofisi za kwetu hawezi kushindwa hapo. Unapewa ya mwaka mmoja mmoja tu. Ile ya miaka mitatu ni ya walio chini ya miaka 24. Asubuhi za siku za kazi, mpaka saa nne, kuna kiwango cha chini cha nauli ambacho punguzo haliwezi kukivuka, ila kwa safari ndefu kama yangu hilo halikunigusa.

Lililonishangaza ni aibu za watu. Darasani tulikuwa na kaka mmoja wa Mwanza, miaka 41, mke na watoto watatu nyumbani. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Dada yangu, mimi na upara huu nimwoneshe mkaguzi kadi ya vijana? Si atanishusha kwenye treni?" Hakuchukua. Mwaka mzima alilipa nauli kamili kwenda kanisani Birmingham, mtu huyohuyo aliyekuwa anapika wali maharage siku nne mfululizo ili atume ada ya watoto. Mimi huwa sielewi heshima inayokugharimu theluthi ya nauli halafu hakuna hata mmoja anayejua kwamba unajiheshimu.

Na huo ujana ni nini hasa? Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema kijana ni mtu wa miaka 15 mpaka 35. Kwa hesabu hiyo mimi niliondoka Dar kijana, nikashuka Uingereza mzee. Ukivuka bahari kwenda Ufaransa, kadi ya vijana ya treni ni ya miaka 12 mpaka 27 basi; kitambulisho chako cha chuo hakikuongezei hata siku moja. Waingereza angalau wameona kwamba mtu anaweza kuwa na miaka 40 na mfuko wa mtu wa miaka 20.

Ila wana ubaguzi wao, na huu uliniuma. Jirani yangu pale nilipopanga alikuwa dada wa Mombasa, miaka 38. Mchana alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, jioni mara mbili kwa wiki alikuwa darasani. Alisoma kwa miaka mingi, kidogo kidogo, kwa hela yake mwenyewe. Kanuni inataka uwe na zaidi ya saa 15 za masomo kwa wiki, kwa wiki zisizopungua 20 za mwaka. Yeye hafiki. Akaniuliza jikoni, sufuria mkononi, "Kwani mie si mwanafunzi? Vitabu hivi nimevipamba ukutani?" Sikuwa na jibu. Mwenye nafasi ya kuacha kazi akasome ndiye anayepunguziwa; anayesoma huku anafanya kazi analipa yote. Wanasema wakimfungulia anayesoma muda mfupi kila mtu atajiandikisha kozi ya kushona ili apande treni. Labda. Lakini huyu dada hakuwa anashona.

Sasa turudi kwa bwana. Yeye alikuwa na miaka 36, na kwake milango yote ilifungwa. Kuna kadi ya walio na miaka 26 mpaka 30, ilianza kuuzwa nchi nzima mwaka 2019, ameshapita. Kuna ya wazee kuanzia miaka 60, hajafika. Na kuna moja, usicheke, ya watu wawili, Two Together, iliyoanza kuuzwa nchi nzima mwaka 2014. Ina picha zenu wote wawili, nanyi mnapunguziwa theluthi moja. Sharti: lazima msafiri pamoja. Kwa wawili wanaoishi miji tofauti, wanaopanda treni ili waonane, kadi hiyo ni kama kumpa mwenye njaa kijiti cha kuchokonolea meno.

Matokeo yake unayajua hata kabla sijasema. Aliyekuwa na punguzo ndiye aliyekuwa anasafiri. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, mimi na begi langu. Mwanzoni niliona raha, nasomea njiani, Doncaster inapita, Peterborough inapita, najipaka losheni karibu na London. Kufika Februari nilikuwa nimechoka. Nina kazi tatu za kuandika, mvua haiishi, nafika usiku namkuta na yeye katoka zamu, hoi. Nikamuuliza, mbona kila siku mimi? Lini wewe utakuja kuona ninapolala?

Akanijibu kwa upole kabisa, na hapo ndipo palipouma. "Mke wangu, wewe ndiyo wa bei nafuu."

Alimaanisha hesabu. Mimi nilisikia kitu kingine. Nililala nimemgeuzia ukuta, na Jumapili nilirudi Leeds bila kumwaga vizuri. Wanawake mtanielewa, wanaume mtasema nilikuza jambo. Lakini fikiria: miezi mitano, na hajui hata rangi ya mlango wangu. Kidogo kidogo mmoja anakuwa mwenye nyumba na mwingine anakuwa mgeni wa Ijumaa. Kadi haikuleta hilo, ila ilitupa kisingizio kizuri sana, chenye tarakimu.

Yeye ndiye aliyepiga simu Jumatano. Alikuwa amekaa na karatasi. Akasema, tuseme tiketi ni pauni 60. Wewe unalipa kama 40. Kila ukija mara mbili tumeokoa 40. Hizo tusizile. Tuziweke, mimi nikiongeza 20 nimefika Leeds. Kwa hiyo punguzo ni la kwetu sote, si lako la kukusafirisha wewe tu kama mzigo.

Nilinyamaza kwanza, nimringie kidogo. Halafu nikamuuliza anataka kupikiwa nini.

Alikuja mwezi Machi, na baada ya hapo kila safari ya tatu ilikuwa yake. Safari ile ya kwanza dada wa Mombasa alimpikia biriani, akamchunguza kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaniambia pembeni, "Kumbe yupo kweli." Kaka wa Mwanza naye alikuja kula. Mume wangu alimwonesha hesabu yake ya karatasi. Kaka akaisoma mara mbili, akaomba wali zaidi.

Masomo yalipoisha Septemba 2023 nilihamia London, tukakaa nyumba moja kabla ya kurudi Dar mwaka 2024. Kadi yangu ya ujana ilikuwa bado na wiki chache. Tukaenda kununua ile ya watu wawili. Siku za kazi inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo tulikwenda Brighton bila haraka, tumeshakunywa chai. Kwenye kadi mimi nina picha niliyopiga wiki hiyo. Yeye aliweka ya miaka kumi nyuma.